Kupanga bei ya unga wa tangawizi wa chama cha ushirika: hesabu ya gharama hatua kwa hatua

Katibu wa chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa tangawizi, huko Upare ya kusini katika wilaya ya Same, aliwahi kunionyesha daftari ambamo bei ya unga ilikuwa imepangwa kwa mstari mmoja tu: kilo nne mbichi hutoa kilo moja ya unga, kwa hiyo zidisha bei ya mkulima kwa nne, ongeza vibarua na umeme, kisha weka faida. Hiyo nne aliisikia kwa jirani. Tulipopima mzigo wake wenyewe mwanzo hadi mwisho tukapata karibu 5.8, na kwa bei ya shilingi 1,500 kwa kilo, tofauti hiyo peke yake ilikuwa zaidi ya shilingi 2,600 kwa kila kilo ya unga aliyokuwa ameuza akidhani anapata faida.

Njia ninayoieleza hapa hutumika pale bidhaa inapopita katika hatua zinazofuatana, na kilo moja haitofautiki na nyingine. Kila hatua hufunguliwa hesabu yake, gharama zake hukusanywa humo, kisha hugawanywa kwa kilo nzuri zinazotarajiwa kutoka, si kwa zile zilizoingia. Takwimu ninazotumia ni za mfano, nawe utaweka za chama chako.

Kabla ya kuanza: mizani na daftari

Hesabu hii haiwezekani bila kupima uzito kila mzigo unapotoka hatua moja kwenda nyingine. Nunua mizani mbili, moja ya magunia na nyingine ndogo ya pakiti, na uandike tarehe, namba ya mzigo, kilo zilizoingia, kilo zilizotoka na jina la aliyepima. Ukiweza, ongeza kipima unyevu, kwa sababu ambayo utaiona kwenye kukausha.

Hatua ya 1: Kupokea, kuchambua, kuosha na kukata

Bei ya malighafi ndiyo inayoleta ubishi mkutanoni, kwa kuwa mwanachama ni muuzaji na pia ni mwenye kiwanda. Ushauri wangu ni kwamba tangawizi iingie kwenye vitabu kwa bei ya soko ya siku ile mlangoni, hata kama chama kimelipa malipo ya awali madogo zaidi na kuahidi malipo ya pili. Mkitumia bei ya chini ya kujipendelea, kiwanda kitaonekana kina faida ilhali ni mkulima anayekibeba mgongoni.

Tuseme zimepokewa kilo 5,000 kwa shilingi 1,500, yaani 7,500,000. Usafirishaji kutoka vituo vya kukusanyia ni 300,000, vibarua 540,000, maji na vifaa vya usafi 120,000, na sehemu ya gharama zisizo za moja kwa moja, kama kodi ya jengo, msimamizi na uchakavu wa mashine, ni 540,000. Jumla ni 9,000,000.

Udongo, mizizi na vipande vilivyooza huondoa asilimia 10, na hilo ni jambo la kila mzigo, kwa hiyo huitwa upotevu wa kawaida na hubebwa na kilo zilizobaki. Kilo 4,500 safi zinagawanya 9,000,000, nazo zinatoka zikiwa na gharama ya shilingi 2,000 kila moja.

Hatua ya 2: Kukausha

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila kuonekana, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwanza tafuta kilo unazopaswa kupata. Tangawizi mbichi ni maji kwa sehemu kubwa. Tukichukua kwamba maji ni asilimia 82, katika kilo 4,500 kilichobaki baada ya kuyatoa yote ni kilo 810. Sisi hatuyatoi yote, bali tunakausha hadi unyevu ubaki asilimia 10. Gawanya 810 kwa 0.90, upate kilo 900. Huo ndio uzito wa kawaida, uliopatikana kwa hesabu wala si kwa kusikia kwa jirani.

Gharama za kukausha ni vibarua 450,000, kuni na umeme 675,000, na gharama zisizo za moja kwa moja 675,000, jumla 1,800,000. Ukijumlisha 9,000,000 zilizotoka hatua ya kwanza unapata 10,800,000. Gawanya kwa kilo 900 zilizotarajiwa: shilingi 12,000 kwa kilo.

Mizani, hata hivyo, inaonyesha kilo 850. Zile 50 zilizopungua ni upotevu usio wa kawaida, na hazipaswi kuingizwa katika bei. Kilo 850 zinakwenda hatua inayofuata na shilingi 10,200,000, na shilingi 600,000 zinapelekwa moja kwa moja kwenye taarifa ya mapato na matumizi kama hasara ya mwezi. Hivyo ndivyo inavyoagiza pia IAS 2, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa bidhaa zilizoko ghalani, na sababu yake inaeleweka hata bila kanuni: mnunuzi hawezi kulipia uzembe wa kiwanda.

Kabla hujamshuku mtunza ghala, pima unyevu. Mzigo uliokaushwa hadi asilimia 6 badala ya 10 utakuwa na kilo 810 gawanya kwa 0.94, yaani karibu 862. Kilo 38 hazikuibwa na mtu. Zimepaa kama mvuke, nanyi mmechoma kuni kuzipeperusha. Zilizobaki 12 huenda zilishika ukungu siku ya mvua. Nimewahi kuona kijana akikatwa mshahara kwa kosa la kikaushio.

Mwezi ukiisha na mzigo uko vichanjani

Mara nyingi tarehe ya mwisho wa mwezi hukuta tangawizi haijakauka. Chukua mwezi mwingine wenye gharama zilezile: kilo 4,500 mbichi zimeingia, 3,500 zimekauka na kutoa kilo 700, na 1,000 ziko vichanjani zikiwa zimefika nusu ya kazi. Ukigawanya 10,800,000 kwa 700 utapata karibu shilingi 15,429 kwa kilo, ukapandisha bei na kumkimbiza mteja, kisha mwezi unaofuata ukashangaa gharama kushuka.

Fanya hesabu kwa kilo linganifu, yaani kazi iliyofanyika igeuzwe kuwa kilo zilizokamilika, na upime kwa uzito wa kabla ya kukausha, maana uzito wa kitu kilichokauka nusu haukuambii chochote. Malighafi zote zimeshaingia, kwa hiyo ni kilo 4,500 kwa shilingi 2,000. Kazi ya kukausha ni kilo 3,500 zilizokamilika na nusu ya 1,000, jumla 4,000. Gawanya 1,800,000 kwa 4,000 upate shilingi 450. Zilizokauka zinabeba 3,500 mara 2,450, ambazo ni 8,575,000, sawa na shilingi 12,250 kwa kila kilo kavu. Zilizoko vichanjani zinabeba 2,000,000 za malighafi na 225,000 za kukausha, nazo zinasubiri mwezi ujao. Jumla inarudi 10,800,000. Isiporudi, kuna mahali umekosea.

Hatua ya 3: Kusaga na kuchekecha

Turudi kwenye mzigo wetu wa kilo 850. Vibarua 220,000, umeme 176,000 na gharama zisizo za moja kwa moja 240,000 hufanya 636,000. Asilimia 4 hupotea, sawa na kilo 34: kilo 10 ni vumbi, na 24 ni nyuzinyuzi zinazobaki kwenye chekeche, ambazo wapika chai wa stendi hununua kwa shilingi 1,000 kwa kilo. Mauzo hayo ya 24,000 yapunguze gharama za hatua hii, usiyaandike kama mapato mengine. Basi 10,200,000 ongeza 636,000 toa 24,000 ni 10,812,000, na kwa kilo 816 gharama ni shilingi 13,250 kwa kilo.

Hatua ya 4: Kufungasha

Pakiti ya gramu 100 isiwe na gramu 99 hata mara moja, kwa hiyo mfungashaji hujaza 102. Gramu mbili hizo ni gharama halali: kilo 816 hutoa pakiti 8,000, si 8,160. Vifungashio vilivyotumika pamoja na lebo ni 8,160 kwa shilingi 350, kwa kuwa 160 viliungua kwenye mashine ya kufunga, jumla 2,856,000. Vibarua na gharama nyingine ni 532,000. Jumla kuu ni 14,200,000, au shilingi 1,775 kwa pakiti.

Hatua ya 5: Kutoka gharama hadi bei

Ongeza sasa zile gharama ambazo si za kiwanda: tuseme kusambaza ni shilingi 150 kwa pakiti, na usimamizi wa chama ni 125. Tumefika 2,050. Wajumbe wa bodi wakisema wanataka asilimia 18, waulize ni asilimia 18 ya nini. Ya gharama itakupa 2,419. Ya bei ya kuuzia ni 2,050 gawanya kwa 0.82, yaani 2,500. Duka likitaka kubakiza asilimia 20 ya bei ya rafu, unga wako utauzwa 3,125, na kama chama kimesajiliwa kwa VAT, kodi hiyo huongezwa juu yake.

Iwapo msimu ni mbaya na mmechakata kilo 2,000 tu, usizibebeshe kodi yote ya jengo. Gawa gharama zisizobadilika kwa uwezo wa kawaida wa kiwanda, yaani kilo ambazo huchakatwa katika msimu wa kawaida, na sehemu isiyogawiwa iende kwenye hasara ya mwezi.

Mwisho, tengeneza kipimo kimoja cha kutembea nacho mkutanoni. Zidisha 0.90 inayobaki baada ya kuchambua kwa 0.20 ya kukausha (900 gawanya kwa 4,500) kwa 0.96 ya kusaga, upate 0.1728, moja gawanya kwa hiyo ni 5.79. Kila shilingi 100 zinazoongezwa kwa mkulima huongeza shilingi 579 kwa kilo ya unga, na takribani 59 kwa pakiti iliyojazwa gramu 102. Mwanachama akisimama kudai bei ya tangawizi ipande hadi 1,700, unaweza kumjibu palepale kwamba gharama ya pakiti itapanda shilingi 118, na mkutano ukaamua kama zitolewe kwenye faida au zidaiwe kwa mnunuzi.