Fundi wa pampu ukiitwa Kolwezi

Ukipigiwa simu kwamba pampu imekufa kwenye mgodi wa Kolwezi, kule Kongo, usikimbilie tiketi. Omba kwanza picha ya kibati cha pampu na cha mota, zipigwe kwa karibu hadi namba zisomeke. Halafu mwombe aliye pale apime kipenyo cha shafti, yaani mhimili unaozunguka, kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Kibati pekee hakitoshi: pampu iliyokaa miaka kwenye maji yenye tindikali huwa imeshafunguliwa na mafundi wengi, na kila mmoja ameacha vipuri vyake. Ukiwa na vipimo, asubuhi moja hapa Nairobi, pale Barabara ya Kirinyaga, inatosha kupata beringi na sili, ule mpira wa kuzuia uvujaji. Nunua seti mbili. Kolwezi ni mji mkubwa wenye maduka, lakini sili ya kipimo chako huenda ikabidi isubiriwe kutoka Lubumbashi, na mimi huniuma sana kuona watu wamekaa bure kwa sababu ya mpira unaoenea kiganjani.

Sindano ya homa ya manjano ichomwe leo, hata kama hujaitwa popote. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo ukiitwa Jumatatu usafiri Ijumaa, umechelewa. Tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha.

Andika orodha ya vifaa vyako pamoja na namba zake, nakala moja kwa Kifaransa, ipigwe mhuri wa kampuni. Waonyeshe forodha pale uwanja wa ndege wa JKIA kabla ya kuondoka, ili ukirudi usiambiwe umenunua nje. Spana na bisibisi ziende kwenye mzigo wa chini. Betri za akiba za drili zibaki nawe mkononi. Dola ziwe safi. Noti iliyochanika hata kidogo, Kongo inakataliwa.

Kutoka Lubumbashi kupitia Likasi hadi Kolwezi ni kama kilomita 300, na hapo sitaki ubishi: usisafiri usiku. Kongo magari hupita upande wa kulia, lakini malori mengi ya madini yametoka Zambia na Tanzania, usukani uko kulia. Dereva akitaka kulipita gari la mbele, haoni anayekuja mpaka ameshatoka nusu barabara. Kiangazi ongeza vumbi. Hata kwa miguu mjini, angalia kushoto kwanza kabla ya kuvuka.

Kiswahili kitakufikisha mbali, kwa sababu Katanga nzima, eneo lenye Kolwezi na Lubumbashi, wanakizungumza, ila karatasi zote ni za Kifaransa. Usitie sahihi kibali cha kuanza kazi mgodini usichokielewa, omba usomewe. Na usipige picha mgodini, uwanja wa ndege wala penye askari.

Sasa kufuli. Beba lako mwenyewe, lenye ufunguo mmoja, na kadi yenye jina na simu yako. Kabla hujagusa pampu, nenda wewe na fundi umeme wao hadi kwenye swichi, izimwe ukiona, funga kufuli lako, ufunguo utie mfukoni. Kisha rudi ubonyeze kitufe cha kuwashia. Mota ikikaa kimya, pima nyaya kwa mita. Ukiambiwa “tumeshazima, endelea tu”, usiendelee, hata meneja akisimama juu yako. Zamu hubadilika mgodini, na anayeingia hajui kwamba mkono wako uko ndani ya pampu.

Dawa ya kinga ya malaria huanzwa kabla ya safari na huendelea baada ya kurudi, kwa hiyo muulize daktari mapema. Ukisharudi nyumbani South B, homa ikikushika hata baada ya wiki tatu, usinunue panadol ukalala. Kapimwe siku hiyo hiyo, na mwambie daktari umetoka Kongo kabla hajakuuliza, maana hapa Nairobi homa hudhaniwa mafua kwanza.