Kabla hujaikataa kazi kwa kuogopa kupoteza Medicaid

"Dada, nikiikubali hii kazi, nani atamlipa mtu wa kunitoa kitandani asubuhi?"

Kijana aliyenipigia alikuwa na barua ya ajira mkononi na siku mbili tu za kujibu. Msaidizi wake hulipwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, naye aliogopa kuwa mshahara ungemnyang'anya bima hiyo. Swali hilo nilishajiuliza mwenyewe nikiwa kwenye kiti mwendo changu, hapahapa Marekani, na kwa kukosa wa kunijibu nikaikataa kazi niliyoipenda. Bado inaniuma. Haya ndiyo niliyomwambia.

Mdogo wangu, anza na barua ya malipo yako. Imeandikwa SSI au SSDI? Wengi wetu tunaziita zote hela za ulemavu, na hapo ndipo ushauri wa jirani unapokupoteza, maana kanuni zake ni mbalimbali. SSI ni ya mwenye kipato na mali kidogo, na katika majimbo mengi ukiipata umepata na Medicaid. SSDI inatokana na makato ya mishahara ya zamani, na bima yake ni Medicare. Wapo wanaopata zote mbili.

Kama ni SSI, shika kalamu. Tuseme utalipwa dola 885 kwa mwezi kabla ya makato, na huna kipato kingine. Toa 20, toa 65, zinabaki 800. Gawa kwa mbili: 400. Hiyo 400 ndiyo itakayopungua kwenye SSI yako, si mshahara wote. Na hata mshahara ukipanda mpaka SSI ikafika sifuri, Medicaid inaweza kuendelea kwa kifungu kinachoitwa 1619(b), mradi bado una ulemavu, unaihitaji bima hiyo ili ufanye kazi, akiba yako haijavuka dola 2,000 kama uko peke yako, na mshahara haujapita kiwango cha jimbo lako. Ukikipita, usikate tamaa: kama unalipiwa msaidizi au matibabu ya gharama kubwa, omba upigiwe hesabu ya kiwango chako binafsi.

Kwa SSDI kuna miezi 9 ya majaribio, inayohesabiwa ndani ya miezi 60, ambayo hundi yako hubaki nzima hata ulipwe kiasi gani. Medicare nayo huendelea angalau miezi 93 baada ya hapo, maadamu ulemavu upo. Lakini Medicare haimlipi msaidizi wa kila siku nyumbani, na huyo ndiye aliyekuwa akimkosesha kijana wetu usingizi.

Hapo ndipo pa kuulizia Medicaid Buy-In. Unafanya kazi, unachangia kila mwezi kulingana na kipato, unabaki na Medicaid. Sheria za 1997 na 1999 ziliyapa majimbo ruhusa ya kuwa na mpango huu, na mengi yanao, ila kila jimbo na jina lake: Minnesota wanauita MA-EPD, Massachusetts ni CommonHealth. Ukiuliza kwa jina lisilo la jimbo lako unaweza kujibiwa haupo. Wewe sema hivi: "Nataka Medicaid ya mtu mwenye ulemavu anayefanya kazi."

Kabla ya kusaini, tafuta mshauri wa WIPA, mradi wa serikali wa kuwashauri wanaopata malipo ya ulemavu na wanataka kufanya kazi. Ni bure, na atakupigia hesabu kwa maandishi.

Slipu za mshahara zipeleke mapema Social Security, ofisi inayolipa SSI na SSDI, kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata, na udai risiti. Mimi nilizilimbikiza za miezi mitatu, nikajikuta nadaiwa pesa nilizokwisha kulipia kodi ya nyumba. Sasa risiti zangu zote zimo kwenye bahasha ya kaki kando ya kitanda.

Na ulemavu uleule ukikulazimisha kuacha kazi ndani ya miaka 5 tangu malipo yakatwe, omba kurejeshewa malipo haraka. Huanzi maombi upya, na unaweza kulipwa hadi miezi 6 wakati wanachunguza.

Kijana aliikubali kazi. Msaidizi wake sasa hufika saa kumi na moja na nusu alfajiri.