Kichwa kinachoanzia shingoni: la kufanya kabla ya kumeza kidonge kingine

Haya nilimwelekeza fundi simu mmoja wa Ngamiani, kijana kabisa, aliyeshapima malaria mpaka akachoka, huku kichwa kikimgonga upande wa kulia tu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Tanga.

1. Ondoa hatari kwanza. Una homa na shingo imekakamaa? Kichwa kimekuja ghafla kwa nguvu usizowahi kuzijua? Umeanguka na bodaboda? Miguu inayumba, mikono yote miwili imelegea, mkojo hauzuiliki? Nenda hospitali ya Bombo sasa hivi.

2. Jua ni kipi. Maumivu yakianzia kisogoni upande mmoja, yakapanda hadi nyuma ya jicho na kuzidi ukigeuza shingo, mara nyingi chanzo ni viungo vya pingili tatu za juu za shingo. Yakishuka mkononi pamoja na ganzi, huenda mshipa wa fahamu umebanwa. Ganzi ya kidole gumba na cha shahada huelekeza kwenye mshipa wa fahamu wa sita wa shingo, ya kidole cha kati kwenye wa saba. Weka kiganja cha mkono unaouma utosini: mkono ukipata nafuu, shuku shingo.

3. Rudisha kidevu nyuma. Hapa ndipo karibu kila mtu anapoharibu. Kaa wima, tazama alama moja ukutani, kisha rudisha kidevu nyuma moja kwa moja, kama mtoto anayekwepa kijiko cha dawa. Usiinamishe kichwa wala usiinue kidevu; alama ikihama machoni, umekosea. Shikilia sekunde 5, rudia mara 10, mara tatu kwa siku. Meno yasikutane. Misuli ya mbele ya shingo ikitutumka, unatumia nguvu mno. Nusu ya nguvu hiyo inatosha. Ukishindwa ukiwa umekaa, lala chali, kunja khanga uiweke chini ya kichwa, ukandamize taratibu. (Khanga naipenda kuliko taulo, unaikunja kwa unene unaoutaka.)

Halafu sikiliza mkono. Ganzi ikipanda kutoka vidoleni kuelekea begani, endelea, hata kama shingo yenyewe inauma kidogo zaidi. Ikishuka kuelekea vidoleni, acha siku hiyo hiyo.

4. Mto mmoja. Usilale kifudifudi.

5. Kazi na baiskeli. Inua simu unayoitengeneza, usiifuate kwa shingo. Na nyinyi wa baiskeli, mji huu mko wengi: usukani ukiwa chini sana unakunja shingo kwa nyuma, na matundu ya mishipa ya fahamu yanazidi kuwa finyu. Upandisheni.

6. Usivunjwe shingo na kinyozi. Najua inaleta raha, na ule mlio watu wanaudhani dawa. Lakini ndani ya pingili hupita mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo. Ukichanika mmoja, kijana anaweza kupata kiharusi.

7. Vidonge. Panadol au diklofenaki kwa siku 15 au zaidi kila mwezi, miezi mitatu mfululizo, zenyewe zinaweza kuleta maumivu ya kichwa. Diklofenaki huchubua tumbo pia.

Mshipa wa fahamu uliobanwa mara nyingi hutulia ndani ya wiki 6 hadi 12. Eksirei haiuonyeshi, picha ya MRI (ya mashine ya sumaku) ndiyo huuonyesha, lakini usikimbilie kulipia. Vitu vikianza kukuponyoka mkononi, hapo usisubiri wiki hizo, muone daktari.