Kutambua salfeti ilipokaa kwenye sukari za mwani

Kotonii, mwani ambao Pemba inaupatia maji yanayoufaa kuliko Unguja, hutoa karajinani (sukari ya mnyororo mrefu inayogandisha vyakula) ya aina ya kapa. Spinosamu, mwani mwingine unaolimwa Paje na Jambiani, hutoa ya aina ya ayota. Mnyororo huo ni wa jozi za sukari mbili, galaktosi na anhidrogalaktosi (galaktosi iliyopoteza maji); kila jozi ya kapa ina salfeti (kundi la salfa na oksijeni) moja na ya ayota ina mbili, tofauti ambayo spektrometa ya tungamo, mashine ya kupima uzito wa molekuli, huionyesha bila taabu. Kazi hasa huanza pale jozi mbili zinapokuwa na uzito uleule, ila moja imebeba salfeti kwenye galaktosi, kaboni ya 4, kama kapa, na nyingine kwenye anhidrogalaktosi, kaboni ya 2, kama karajinani ya alfa.

Osha mwani uliokauka mpaka chumvi ya bahari iishe, uondoe rangi kwa ethanoli, ukamue karajinani kwa maji ya moto, kisha uigandishe kwa ethanoli. Usichemshe kwa alkali kama wafanyavyo viwandani, kwa sababu alkali huing'oa salfeti ya kaboni ya 6 na kuigeuza sukari iliyoibeba kuwa anhidrogalaktosi, nawe ukapima kitu ambacho mwani haukukizalisha.

Kimeng'enya cha kapa hakifai hapa, maana hukata kapa tu na jozi ya alfa haitaachiliwa. Tumia asidi hafifu pamoja na kipunguzaji cha borani (kiwanja cha boroni kinachotoa hidrojeni) kinachostahimili asidi: asidi hukata mnyororo kwenye anhidrogalaktosi, na borani huihifadhi sukari hiyo isiharibike kwa kuigeuza kuwa alkoholi. Hatua hii ndiyo roho ya kazi nzima, kwani anhidrogalaktosi huongezewa hidrojeni mbili, na nyongeza hiyo inakuwa alama yake.

Pima kwa chaji hasi, sampuli ikiwa haina chumvi. Mashine husoma uzito uliogawanywa kwa chaji: jozi yenye salfeti moja huonekana kwenye 405.07, ya ayota, yenye chaji mbili, kwenye 242.01, na vilele vya isotopu (atomi za aina moja zenye uzito tofauti) za hiyo ya ayota hupishana kwa nusu badala ya moja.

Itenge 405.07 peke yake, kisha ivunje kwa nguvu ndogo unayoipandisha taratibu. Kipande cha 241.00 au 259.01 kinaonyesha kuwa salfeti iko kwenye galaktosi, cha 243.02 au 225.01 kinaonyesha kuwa iko kwenye anhidrogalaktosi. Bila borani, sukari zote mbili zingeweza kutoa 241.00, na hapo hakuna wa kuamua. Dirisha la kutenga liwe jembamba, kwa sababu likipitisha isotopu nzito ya salfa, 241 yenyewe itatoa kijilele kwenye 243 ambacho si ushahidi wa alfa. Aina zote mbili zikiwapo, vipande vya pande zote vitatokea, lakini usisome uwiano wa urefu wa vilele kama uwiano wa kiasi mpaka upime michanganyiko ya sampuli halisi za kulinganisha.