Mboji ya mtaa: kusanyeni majani makavu kabla ya maganda

Vikundi vingi vya kutengeneza mboji mitaani Kampala huanza na kitu kisichokosekana kamwe, maganda ya matoke. Majirani wanajitokeza, ndoo zinajaa, lundo linapanda. Wiki mbili baadaye uvundo unaanza, nzi wanajaa, na waliojitolea wanapungua mmoja mmoja. Mara nyingi sababu ni moja: lundo limekosa vitu vikavu.

Maganda mabichi, mabaki ya dodo (mchicha) na sukumawiki, na makombo ya posho (ugali) yana maji mengi na naitrojeni nyingi. Yakirundikwa peke yake hushikamana, hewa ikakosa pa kupita, na vijidudu vinavyoishi bila hewa vikatawala. Hivyo ndivyo vinavyonuka. Kwenye jalala kubwa, uozo huohuo hutoa gesi ya methani. Lundo la Kiteezi, lililokuwa jalala kuu la Kampala, lilipoporomoka Agosti 2024 liliua watu zaidi ya 30, na sehemu kubwa ya taka za jiji hili ni mabaki ya vyakula ambayo yangeweza kurudi shambani. Kwa hiyo kazi ya vikundi hivi naiheshimu sana, na inaniuma kuviona vikivunjika kwa jambo linalorekebishika.

Kabla ya kupokea ndoo ya kwanza ya maganda, wekeni akiba ya magunia ya majani makavu ya migomba, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa na makapi ya kahawa. Maranda ya mbao kutoka kwa seremala yanafaa pia, mradi mbao hazikupakwa rangi wala dawa. Kisha kila ndoo moja ya vitu vibichi ifunikwe kwa ndoo mbili za vikavu, papo hapo, siku hiyohiyo. Akiba ikiisha, pokeeni maganda kidogo tu hadi mpate nyingine. Kumwambia mama muuza matoke asubiri siku tatu ni afadhali kuliko kuwaudhi majirani wote.

Lundo liwe na upana na kimo cha mita moja hadi moja na nusu. Likiwa dogo halipati joto. Chomekeni kijiti kirefu katikati na kukichomoa kila baada ya siku chache. Kikitoka cha moto, mambo yanakwenda vizuri. Kikipoa, geuzeni. Unyevu upimwe kwa mkono: ukikamua konzi ya mboji, yatoke matone machache tu. Wakati wa mvua funikeni kwa majani ya migomba.

Nyama, mifupa na mafuta yakataeni, huleta panya na mbwa. Kavera (mifuko ya plastiki) ziondolewe mlangoni, kwa sababu zikishachanika ndani ya lundo hakuna atakayezimaliza. Majivu ya mkaa yanyunyizwe kidogo tu. Yakizidi hupoteza naitrojeni. Vigogo vya migomba yenye ugonjwa wa mnyauko visiingie kabisa.

Zamu za kugeuza ziandikwe, na mgao wa mboji ufuate zamu hizo. Hili likubaliwe mapema, maana ugomvi wa mgao huanza siku ya kuchekecha.

Mboji huiva kwa miezi miwili hadi mitatu: nyeusi, imepoa, inanukia udongo. Mkiwa na shaka, pandeni humo mbegu chache za maharagwe; zikichipua kwa afya, gawaneni. Kwa mvua za Machi, lundo liwe limekamilika kabla ya katikati ya Desemba.