Aya kwanza, insha baadaye

Mwambie mtoto wa miaka kumi na miwili aandike insha ya kurasa mbili, naye atajaza kurasa mbili. Atapanua mwandiko, atasema jambo lile lile mara nne, kisha atafunga na "hayo ndiyo niliyokuwa nayo". Umeagiza urefu, amekuletea urefu. Ndiyo maana wanafunzi wangu wa miaka 11 hadi 14 siwapi insha mwanzoni mwa muhula. Tunaandika aya moja, kesho nyingine, hadi waanze kulalamika kwamba aya moja haiwatoshi. Malalamiko hayo huwa nayasubiri kwa hamu.

Aya naieleza kwa ufupi: ni dai moja na mambo yanayolithibitisha. Dai hukaa katika sentensi kuu, na kwa anayeanza ni heri sentensi hiyo itangulie. Kabla kalamu haijashikwa, kila mmoja amwambie jirani yake dai lake kwa mdomo, kwa pumzi moja. Asipoweza kulisema, hataweza kuliandika. "Nitazungumzia mapumziko" si dai, ni mada tu. "Mapumziko ya asubuhi yaongezwe" ni dai, kwa kuwa kuna atakayelibishia.

Kisha ndipo kazi ilipo. Karibu kila mtoto huanza hivi:

"Mapumziko ni muhimu sana. Yanatusaidia sana wanafunzi. Kila mtu anayapenda. Kwa hiyo mapumziko ni muhimu."

Usimwandikie pembeni "fafanua zaidi". Atakuongezea "sana" ya tatu. Muulize maswali mawili, na uyaulize mwaka mzima mpaka ayasikie hata akiwa peke yake: Umejuaje? Halafu ikawaje? Akijibu kwa mdomo, mwambie aandike alivyojibu. Aya ile ile hugeuka kuwa hivi:

"Mapumziko ya dakika 15 hayatoshi. Kengele ikilia, foleni ya maji hufika mlangoni, na walio nyuma husikia kengele ya pili kabla hawajanywa. Wakirudi darasani huomba ruhusa mmoja mmoja, na kipindi hukatikakatika."

Neno "muhimu" limetoweka, na hakuna aliyeamuru litoweke. Wala mtoto hakuhitaji msamiati mpya. Habari zote alikuwa nazo. Hakujua tu kwamba hizo ndizo zinazotakiwa.

Nawe mwalimu uandike mbele yao, ubaoni, bila kujiandaa. Waone unakata neno, unasita, unasema kwa sauti "hapana, hii inarudia ile ya juu". Wengi wanadhani mwandishi mzuri huandika mara moja akamaliza, kwa sababu vitabuni hawaoni palipofutwa.

Kuhusu sarufi, najua wapo watakaonibishia. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani Steve Graham na Dolores Perin walichambua kwa pamoja tafiti nyingi kuhusu kufundisha uandishi kuanzia darasa la 4 hadi la 12. Sarufi iliyofundishwa peke yake, kando ya uandishi, haikuboresha maandishi ya wanafunzi. Kuwafundisha hatua za kupanga na kurekebisha kazi kulisaidia sana, na zoezi la kuunganisha sentensi nalo lilisaidia. Hili la mwisho halihitaji kifaa chochote. Andika: "Mvua ilinyesha. Uwanja ulijaa maji. Mechi iliahirishwa." Waziunganishe ziwe sentensi moja, kwa njia mbili. Mmoja ataandika "Mvua ilijaza uwanja maji hata mechi ikaahirishwa", mwingine, "Mechi iliahirishwa kwa sababu uwanja ulikuwa umejaa maji ya mvua." Sasa uliza: ipi inafaa aya inayohusu mvua, na ipi inafaa aya inayohusu mechi? Hapo viunganishi vinafundishwa vikiwa kazini.

Zoezi lingine wanalolipenda: nakili aya nzuri, ikate vipande, sentensi moja kila kipande, uchanganye na sentensi moja isiyohusika. Wapange upya na kumtoa mgeni. Mabishano yatakayozuka kuhusu nani atangulie ndiyo somo lenyewe la mtiririko, kwa hiyo usiyakatize mapema.

Insha ikifika, wasianze na utangulizi. Kila mmoja aandike kwanza sentensi kuu tatu, moja kwa kila aya ya kiini, kisha azisome mfululizo. Zikisikika kama hoja inayosonga mbele, mpango upo. Mbili zikisema kitu kimoja, moja ifutwe sasa, kabla haijazaa nusu ukurasa. Utangulizi uandikwe mwisho, maana mtu hawezi kumkaribisha msomaji katika hoja ambayo mwenyewe hajaijua. Idadi ya aya tano, yaani utangulizi, aya tatu za kiini na hitimisho, ni ngazi ya kupandia tu. Mwenye hoja mbili nzito asilazimishwe kutafuta ya tatu.

Na sasa neno kuhusu mapambo. Tumewazoesha watoto kwamba insha nzuri huanza jogoo akiwika, na kwamba methali tatu huleta alama. Matokeo yake, insha ya kutetea maktaba inaanza na "Nilirauka alfajiri na mapema". Kanuni yangu ni moja: methali ibaki ikiwa inafanya kazi ndani ya hoja. Ifute, usome tena. Kama hakuna kilichopungua, haikuwa na kazi.

Katika kusahihisha, chagua jambo moja kwa kila zoezi na uwatangazie mapema. Wiki hii ushahidi, wiki ijayo viakifishi. Daftari lililojaa wino mwekundu mtoto hulifunga haraka, na alama akiziona kwanza hasomi kitu kingine. Mimi huandika swali moja chini ya aya, narudisha bila alama, na alama huja baada ya rasimu ya pili.

Atabaki yule anayesema "sina la kuandika". Usimbembeleze. Mwambie akueleze kitu anachokijua kuliko wewe, iwe ni mchezo au namna ya kumbembeleza mdogo wake alale, nawe uandike neno kwa neno anavyosema. Baada ya sentensi tatu, simama, mpe karatasi na kalamu, aendelee kutoka hapo ulipoishia.