Somo: Kumwandalia Mwanafunzi Mpya Python Kwenye Windows

Anayeanza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, mara nyingi hukwama kabla hajaandika mstari hata mmoja, na kinachomkwamisha si lugha bali usakinishaji. Somo hili ni kwa anayewafundisha wenzake.

Hatua ya 1. Pakua kutoka python.org kisakinishi kamili cha biti 64 cha toleo la 3.13, kisha kinakili kwenye flashi. Ni faili moja lisilofika MB 40, na kwa kuwa limebeba kila kinachohitajika, darasa zima litasakinisha bila kugusa bando la mtu.

Hatua ya 2. Lifungue, na kabla ya kubonyeza "Install Now" weka tiki kwenye kisanduku cha chini kilichoandikwa "Add python.exe to PATH". Hapa ndipo penye shida. PATH ni orodha ya folda ambazo Windows huzipekua kila unapoandika jina la programu kwenye dirisha la amri. Folda ya Python isipokuwemo, mwanafunzi ataandika python, na Windows ama itasema haiijui amri hiyo ama itamfungulia duka la Microsoft, naye ataamini kwamba hakusakinisha chochote. Kisanduku hicho huja bila tiki, uamuzi ambao kwa maoni yangu unamfaa mtaalamu kuliko mgeni.

Hatua ya 3. Fungua IDLE, programu ya kuandikia na kuendeshea Python ambayo husakinishwa pamoja nayo, andika print("Habari") na ubonyeze Enter. VS Code, programu kubwa zaidi ya kuandikia msimbo, isubiri.

Hatua ya 4. Bonyeza Ctrl+N, andika mistari ifuatayo, hifadhi kwa jina mraba.py, kisha ubonyeze F5:

from turtle import *
for i in range(4):
    forward(100)
    left(90)
done()

Faili lisiitwe turtle.py, kwani Python italisoma hilo badala ya moduli yenyewe ya turtle, yaani faili linalokuja na Python lenye amri za kuchora.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, nilisahau ile tiki. Je, niondoe kila kitu nianze upya?

Jibu: La. Andika py badala ya python, kwa kuwa kisakinishi huiweka amri hiyo pia. Ukitaka kurekebisha kabisa, fungua kisakinishi tena, chagua "Modify", na utie tiki panapotajwa "environment variables".

Swali: Kompyuta za shule yetu ni za Windows 7 na kisakinishi kinakataa. Tufanyeje?

Jibu: Toleo la mwisho kukubali Windows 7 ni 3.8. Marekebisho yake ya usalama yalikoma mwaka 2024, kwa hiyo litumieni kwa mazoezi ya darasani tu. Mifano yote ya somo hili inafanya kazi humo.

Swali: Ninafuata kitabu cha zamani kinachoandika print bila mabano, na kila mara napata kosa.

Jibu: Hicho ni cha Python 2, ambayo ilikoma kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Ndugu, tafuta kitabu kingine, kwa sababu tofauti haziishii kwenye mabano.